Wasifu wa Mama Vipimo, Aliyeifuatilia Sayari Inayoanguka

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani tulimwita Mama Vipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pekee wa mama mshonaji na baba karani wa posta, ambaye alitangulia mbele ya haki. Utotoni alipima kila kitu kwa utepe wa mama yake, hata paka wa jirani. Na jibu lisipomridhisha, aliulaumu utepe.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na nyumba yao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya fizikia. Kuanzia Januari 2001 alikuwa mtumishi wa kituo cha kuangalia nyota. Huko aliifuatilia sayari moja kubwa ya gesi, inayoizunguka nyota iliyo mfano wa jua letu kwa ukaribu wa kutisha, hata mwaka wake mzima huisha kwa siku moja na ushei. Kila ilipopita mbele ya nyota hiyo, mwanga ulififia kidogo, naye akaandika saa.

Baadaye sayari ilianza kuwahi, ikipita kabla ya saa iliyotarajiwa. Kama ilivyo ada ya wapimaji, marehemu alishuku kwanza kifaa. Aliipeleka saa ya kituo kwa fundi wa vifaa, akairudisha tena na tena.

"Saa hii nzima, dada. Ukiileta tena nitajua unanifuata mimi."

"Una nini cha kufuatwa? Tengeneza saa!"

Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2007, wakajaliwa binti mmoja. Saa haikuwa na kosa. Sayari ilikuwa ikivutwa na nyota yake, mzunguko ukizidi kufupika, na baada ya mamilioni ya miaka itamezwa.

Mama yake alipoelezwa, aliuliza, "Sasa mtaisaidiaje?"

"Haisaidiki, mama. Tunaiangalia tu."

"Usomi wote ule, kuangalia tu! Kazi gani hiyo?"

Marehemu alicheka hata akaketi sakafuni.

Mwaka 2023 alianza kukonda. Alisema mizani ya bafuni imechoka. Akanunua mpya, nayo akaitilia shaka. Mjomba wake alimsihi aende hospitali. "Nitakwenda, mjomba, nikipata mizani ya kuaminika." Wala hakuwa akitania. Alipokwenda, mwezi Novemba, saratani ya kongosho ilikwisha kuenea. Daktari alikuwa na dawa za maumivu tu.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024. Mumewe alimshika mkono, binti yake alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Mama yake, aliyeketi miguuni pake, alisema, "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii, mwanangu."

Ameacha mama, mume, binti, mjomba anayesoma maneno haya, na wanafunzi wanaoendelea kuifuatilia sayari ile. Wiki hii pia sayari imewahi.

Apumzike mpimaji wetu, pasipo kuwahi wala kuchelewa.