Ukurasa wa Mteremko

Sogeeni, wanangu, na mfunge hilo dirisha, maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na barabara. Mashine ya chapa ni ya kifungua mimba wangu, kwa kuwa ndiye anayejua kuisikiliza inapokohoa. Nyumba ni yenu nyote watatu, asiiuze mmoja bila wenzake. Hayo ni mepesi. Zito ni la mama yenu mdogo.

Ninyi mnamjua kama mchoraji wa majengo anayesifiwa. Mimi nimemjua kama mwiba. Bibi yenu alipopooza mguu, alikuwa akitembea kwa kupapasa ukuta wa ukumbini, kiganja chake kikaacha mstari mweusi toka mlango hadi mlango. Mimi, niliyejifunza kupanga nafasi za herufi kwa kutazama mashati kwenye kamba, niliyejivunia jicho langu, nilichukua sabuni nikaanza kuusugua. Mdogo wangu akanidaka mkono: "Dada, usifute! Mama ametuonyesha mshikio ukae wapi." Akapima kwa rula, akapigilia ubao, na tangu siku hiyo mama akatembea peke yake. Akili ni nywele, wanangu, lakini siku ile nilijiona kipara.

Basi ikawa hakiponi kitu machoni pake: toroli la mchukuzi likampa pembe ya mteremko, mpini wa sufuria ukampa kitasa kinachofunguka kwa kiwiko. Watu wakiingia dukani kwangu, kalenda niliyoihangaikia wiki nzima iko mikononi mwao, wananiuliza, "Mdogo wako hajambo?"

Alipopewa kazi ya kuchora zahanati, aliniletea michoro nimchapie nakala za wajenzi, kisha akasafiri masomoni. Ukurasa wa saba ulikuwa mteremko wa kuingilia, umejikunja taratibu kando ya bustani, mzuri hata nikakaa chini. Nikautoa. Nikapanga namba upya ili pengo lisionekane. Aliporudi alikuta wajenzi wameweka ngazi tisa mlangoni, na wenye magongo wanabebwa mgongoni, na gazeti limemwita fundi aliyesahau miguu ya watu. Aliniuliza neno moja tu: "Dada, ulichapa zote?" Nikamjibu, "Zote ulizoniletea." Njia ya mwongo ni fupi, husema wenyewe, yangu imenichukua miaka ishirini.

Sikilizeni. Ukurasa huo uko chini ya droo ya herufi kubwa. Uchapeni, na pembeni muandike nani aliuficha, jina langu lisomeke hata na asiye na miwani. Kiwanja cha nyuma kiuzwe, mteremko ujengwe pale zahanati kama alivyouchora, msimpunguzie hata kona moja. Juzi nimeutazama tena. Mnadhani nilijuta? Nilijuta, ndiyo, lakini kwanza niliona wivu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nimezeeka nacho.

Niinueni kidogo... hapo. Mungu awape macho ya kuona, na akiwanyima, awape moyo wa kufurahia jicho la mwenzenu. Mshikane. Msi... maji, mwanangu. Basi.

Nani huyo anayebisha? Ni yeye? Mwambieni aingie. Ninyi msitoke. Kaeni hapo hapo, mnisikie nikimwambia.