Kikapu cha Mbegu cha Bibi Melania

Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Viazi Tusichoke, Simbo, siku ya kufunguliwa banda la kumenya na kukata viazi. Inasomwa na katibu, Bibi Siwema.

Mgeni rasmi, ukipewa viazi kwenye ziara kama hii, huwa vinaishia wapi?

Usijibu sasa, baba. Kaa kwanza, unywe maji, vumbi la njiani likutoke kooni. Tumeuliza mapema kwa sababu tungeliacha swali hili hadi mwisho tungeona haya kulitoa, kama tulivyoona haya mara tatu zilizopita.

KARIBU SIMBO

Mwakeye, tunakusalimu kwa Kiha, mgeni wetu. Tupo wanachama ishirini na sita, wanawake ishirini na wawili na wanaume wanne. Wengi wetu ni wa umri wa mama zako, kwa hiyo shikamoo tunaisubiri kutoka kwako, ila heshima yako iko palepale. Mwenyekiti wetu ni Mzee Gervasi, yule mwenye koti. Tuliambiwa unafika saa tatu asubuhi, naye kalivaa tangu saa mbili. Sasa ni saa nane na hajalivua.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki hakielezeki bila Bibi Melania, aliyekaa pale mwisho wa benchi, mwenye kikapu kilichofunikwa kitenge.

Miaka ishirini na mitano iliyopita Melania alikwenda kwao Buhigwe, kule juu kwenye baridi, kumzika mama yake. Ndugu waligawana vitenge na masufuria. Yeye alichukua viazi mviringo kumi na tisa vilivyokuwa vimeanza kuchipua jikoni kwa marehemu, akavifunga vizuri, akashuka navyo Simbo. Mumewe alimcheka, akasema viazi hivyo ni vya baridi, huku kwetu vitaivia ardhini kabla ya kufika chunguni.

Mwaka wa kwanza alivipanda bondeni, mwezi wa sita, akavimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni. Vyote vilinyauka isipokuwa mashina mawili. Mumewe akataka vile vichache vipikwe ili jambo liishe. Melania akavificha chini ya kitanda. Mwaka uliofuata akapanda vya mashina yale mawili tu, akachagua tena vilivyostahimili jua, akaficha tena. Kitanda chake alikiinua kwa matofali mawili mawili ili hewa ipite, na kila Jumamosi alipiga magoti akavigeuza kimoja kimoja, akitoa vilivyooza, kama alivyomwona mama yake akifanya. Mumewe alikuja kuzoea. Alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye analala ghorofani.

Mwaka wa tisa Melania alipata mbegu ya kugawa. Alituita majirani, akatupimia kila mmoja bakuli moja. Ndiyo siku kikundi kilipozaliwa.

TULICHOKIFANYA

Mji nao ulikuwa unakua. Chipsi ambazo zamani zilikuwa za sikukuu zikawa chakula cha kila jioni. Faustini, kijana anayekaanga chipsi mjini, pale Kasingirima, alianza na debe letu moja kwa siku mbili, yakafika matatu kwa siku moja. Alikuwa hana muda wa kumenya, kwa hiyo tukamenya sisi, tukakata kwa visu, tukaloweka kwenye ndoo zenye mifuniko, tukapeleka kwa bajaji kabla ya saa kumi. Alitusifu kwamba viazi vyetu havinyonyi mafuta. Tukaona uzee wetu umepata mahali pa kuegemea.

WAGENI WALIOTUTANGULIA

Wageni rasmi watatu wamekuja hapa, na wote walikuja mwezi wa tano, mbegu ikisubiri kupandwa.

Mkubwa wa kwanza alipokuja, miaka kumi na moja iliyopita, tuliulizana tumpe nini. Mgeni hapewi chenga, vile viazi vidogo vya kubakia, huo ni utaratibu wetu na wa mababu zetu. Kwa hiyo Melania aliingia chini ya kitanda akatoa madebe mawili ya viazi vizuri kuliko vyote, vikubwa, vyenye macho yaliyokwisha kufunguka. Akavibeba mwenyewe kichwani hadi kwenye gari, tukapiga vigelegele. Wa pili tukampa vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo.

Kila gari lilipoondoka Melania alikuwa akisimama barabarani hadi vumbi litulie. Tulidhani anaaga.

Baada ya mgeni wa tatu simu ilipigwa kutoka nyumbani kwake. Sauti ya upole ilishukuru, ikasema viazi vilikuwa vitamu sana, vimeliwa na nyama ya mbuzi kwenye ubatizo wa mjukuu. Melania akauliza vimebaki vingapi. Sauti ikacheka, ikamwambia asijali, vimeisha vyote. Akashukuru, akamrudishia katibu simu yake, akaenda kupalilia.

Hatuwalaumu wageni wetu. Risala zote tatu zilisema pokea zawadi hii ndogo. Hakuna iliyosema panda.

YANAYOTUCHOSHA

Mbegu nzuri ikiondoka, mkulima hubaki kupanda chenga, na chenga huzaa chenga. Viazi vyetu vimepungua hadi ukubwa wa limao. Mashine hii mpya ya kukata, iliyomo bandani, tuliijaribu juzi. Inataka kiazi cha ukubwa wa ngumi. Vyetu vilipita chini vizima, vikadondoka kwenye ndoo kama kokoto, tukatazamana.

Kwa hiyo banda unalolifungua leo, ambalo tunalishukuru, litamenya viazi vilivyokuja na lori kutoka Njombe. Faustini, anayeviagiza, hana kosa, wateja wake hawangoji. Tutakuwa na kazi ya visu na ndoo. Lakini sisi ni wakulima, na kumenya jasho la watu wengine kila siku kunachosha mikono kuliko kulima.

Bonde nalo limeingiwa na vigingi vya viwanja. Watu wanahitaji nyumba, nasi tuna watoto wanaozihitaji. Ila pale penye maji ndipo penye viazi, na kiazi hakiwezi kuhamia mlimani kwa kuambiwa.

MAOMBI

La kwanza, ukanda wa mtoni ubaki wa kilimo, hata kama mji utatuzunguka pande zote.

La pili, mtaalamu wa mbegu aje hapahapa Simbo, aone jinsi mbegu ya Melania inavyovumilia joto, atufundishe kuiongeza.

La tatu lilitugawa. Kwenye kikao Mzee Gervasi alisema zawadi haidaiwi, tutaonekana watu wa ajabu mbele ya mkubwa. Yasmini, ambaye ndugu zake ni wavuvi, akamjibu kwamba wa ajabu ni yule anayekaribisha wageni hadi chungu kinakuwa kitupu. Watu wakacheka. Melania alikuwa anamenya. Akaweka kisu chini, akazungumza. Tukaamua ombi hilo litolewe na mwenyewe.

Kabla hajasimama, pokea zawadi yako: migebuka mikavu, samaki wa ziwani kutoka Mwamgongo, iliyofika jana kwa boti. Migebuka haina macho ya kuchipua. Nenda ukale na nyumba yako yote bila wasiwasi.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe afya na moyo wa kukumbuka, na mvua ikunyeshee mahali ulipopanda.

Sasa simama, Bibi Melania.

"Mgeni, mimi sikuwapa wageni wale viazi ili wavile. Niliwapa wapande, nikaona haya kusema. Nilifikiri mkubwa akiona yale macho ataelewa, atawapa wataalamu, vitaongezeka, vitaturudia vingi, nami nipumzike. Nimengoja miaka kumi na moja. Kikapuni humu vimebaki viazi sitini na vinne, na vingine sina. Usivipakie kwenye gari. Nataka vibaki. Na wewe nakutaka ubaki nusu saa, twende bondeni tuvipande pamoja, ili siku ukiulizwa viazi vya Simbo viliishia wapi, uwe unapajua."

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Viazi Tusichoke,
Simbo, Kigoma.