Sidi na Fomu ya Pili: Risala ya Wahoji wa Kisauni kwa Mtafiti Mkuu

Mgeni rasmi na mtafiti mkuu wetu, Dakta Janice; wasimamizi; wahoji wenzetu:

Karibu Kiembeni, na shikamoo kwa wanaostahili. Tumefurahi kukuona ana kwa ana, maana kwa miezi mitatu tumekujua kwa sauti ya simuni tu.

Tulikoanzia

Mwezi wa Machi ulitufunza kwa simu kazi ambayo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona: hojaji moja yenye fomu mbili. Fomu ya kwanza ina habari fupi ya mtaa ambao wakazi wake walihudhuria mkutano wa wadi, na moshi wa jaa la taka ukapunguzwa. Fomu ya pili haina habari hiyo. Kisha wote huulizwa kama watahudhuria mkutano. Simu tunayohojia ndiyo inayochagua nani apate ipi, kwa bahati tu, kama kura. Mwenzetu Dishon aliuliza kwa nini tusiwasomee wote. Ulimjibu kwamba hapo hatutajua kama ni habari iliyowavuta au wangekwenda tu. Tulielewa, na hadi leo tunaelewa.

Mafanikio

Tumehoji kaya mia sita na arobaini Mishomoroni, Kiembeni na Mwakirunge. Waliotukataa ni tisa tu, na mmoja wao alikuwa mbwa.

Changamoto

Hojaji imeandikwa kana kwamba mtu huhojiwa peke yake. Mwakirunge watu huketi pamoja, na kumwambia jirani aondoke barazani ni kukosa adabu. Hapo ndipo mwenzetu Sidi Changawa aliponaswa. Alimhoji mama mmoja kwa fomu ya kwanza, kisha akamgeukia Bi Rahima aliyeketi kando. Simu ikampa fomu ya pili.

"Mwenzangu umemsomea habari, mimi wanipita," Bi Rahima akasema. "Kwani moshi mimi siuvuti?"

"Wauvuta, Bi Rahima. Niwie radhi. Ngoja nikusomee."

Msimamizi alipoisikia rekodi ya mahojiano hayo, ambayo simu huihifadhi, Sidi aliachishwa kazi siku hiyo hiyo, na tukaambiwa majibu yote ya Mwakirunge yatatupwa. Imetuuma sana, kwa kuwa watu wa huko, walio karibu zaidi na moshi wa jaa, ndio watakaokosekana kwenye ripoti.

Maombi

Tunaomba Sidi arudishwe kazini. Tunaomba Mwakirunge irudiwe, na safari hii kura ipigwe kwa mtaa mzima badala ya mtu mmoja mmoja, ili majirani wapate fomu moja. Na utafiti ukiisha, waliokosa habari nao wasomewe.

Ombi lililobaki limetuchukua wiki mbili kuliandika. Rekodi za Mishomoroni na Kiembeni bado hazijasikilizwa. Tafadhali zisikilizwe kabla ripoti haijaandikwa. Utamsikia Dishon, utamsikia Lynnette, utanisikia mimi Munga ninayekusomea, kila mmoja wetu akimsomea mtu habari ambayo simu haikumpa. Sidi alifukuzwa kwa kosa letu sote, na siku alipokuwa akirudisha simu yake hapa ofisini, sisi tulikuwa tumekaa kimya. Tunaona haya.

Mola akujaalie subira ya kutusikiliza, na akurejeshe kwako salama.

Ni sisi,
Wahoji wa Kisauni: kumi na mmoja tuliopo, na mmoja aliye nyumbani.