Abram Figland, Fundi wa Regulata Kuukuu (1946–2023)

Ndugu waombolezaji, marehemu Abram Figland alizaliwa kijijini Friemersheim tarehe 3 Februari 1946, mtoto wa tatu wa Piet na Katrina Figland. Alisoma shule ya misheni huko huko hadi darasa la sita, baba yake alipougua akaacha.

Mwaka 1963 alishuka Mossel Bay, akaajiriwa bandarini kufagia karakana ya vifaa vya wazamiaji. Huko ndiko alikoipenda regulata, kile kifaa kinachompimia mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi. Mpya hakuzijali sana. Alipenda zile kuukuu, za mabomba mawili ya mpira yanayozunguka mashavu, zilizoletwa zimeota kutu ya kijani na jina la kiwanda limefutika. Alizisugua kwa siki, akapapasa meno ya nati kwa ukucha, akavuta pumzi moja amefumba macho, kisha akataja kiwanda na mwaka. Kabla ya kuitambua hakugusa hata springi, maana vali ya kiwanda kimoja huweza kuingia vizuri kwenye regulata ya kingine, ikamsaliti mtu akiwa chini. "Mgonjwa usiyemjua humpi dawa," aliwaambia wenye haraka. Baadhi yenu mliosimama hapa mmepumua kwa kazi ya mikono yake.

Mama yetu, Sarlina Kammies, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka 1972 alimpelekea Baba regulata iliyoachwa na baba yake mzazi, aitengeneze ili kaka yake Gert airithi kazi ya kusugua matumbo ya meli chini ya maji. Baba akaigeuzageuza, akatikisa kichwa. "Bado sijaitambua, Mwalimu. Rudi Jumamosi." Jumamosi ikafika, jibu likawa lile lile, na iliyofuata vivyo hivyo, huku maandazi ya kumkaribishia yakizidi mezani.

"Kaka yangu anasema meli aliyokuwa aisugue imeshaondoka," Mama akamwambia mwishowe. "Hivi wewe ni fundi kweli?"

Baba akakiri kwamba aliitambua siku ya kwanza, kabla haijatua mezani. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973. Mjomba Gert aliitumia regulata ile hadi alipostaafu, akairudisha nyumbani kwetu.

Kuanzia 2019 usahaulifu ulimwingia. Alisahau mlango wa nyumba, kisha majina yetu, na mwaka jana akamsahau Mama. Kila jioni alimwuliza kwa heshima zote yeye ni binti wa nani. Iliniuma sana. Mama alituambia hana ombi jingine kwa Mungu ila Baba amjue mara moja tu kabla hajaondoka.

Jumapili tarehe 11 Juni, Baba akiwa ameacha kula, Mama aliitoa ile regulata kabatini. Akaketi kitandani, akaitia mdomoni na kupuliza karibu na sikio la Baba. Baba akageuza kichwa, akasikiliza, akatabasamu.

"Bado sijaitambua, Mwalimu," akasema. "Rudi Jumamosi."

Mama alilia kwa furaha, nasi tukalia naye. Baba hakusema neno jingine. Alifariki nyumbani, mtaani D'Almeida, Jumanne tarehe 13 Juni 2023.

Ameacha mjane, watoto watatu, Denzil, Lorenda na mimi Ravina ninayewasomea, wajukuu sita, na shemeji yake Gert, ambaye hadi leo anaidai ile meli.

Leo ni Jumamosi, Baba. Mwalimu amerudi. Lala kwa amani.