Venant Shimba na Samadi ya Kitalu cha Tisa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Buhongwa, na ninyi mliotoka Usagara na Mabatini, familia inawashukuru kwa kuja. Wasifu huu umeandikwa na Josephat, mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Mjane, Mama Getruda, aliusikiliza jana mchana tangu mwanzo hadi mwisho, akaagiza jambo moja lisiachwe: jinsi samadi ilivyoingia kitalu cha tisa. Kwa miaka minne watu wamelisimulia wapendavyo, na jina la marehemu limechafuka. Leo litasimuliwa lilivyokuwa.

Marehemu Venant Shimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1942, nje kidogo ya Usagara, mahali ambapo siku hizi ni Wilaya ya Misungwi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Shimba, mfugaji, na Mama Rose, mkulima wa mtama na viazi. Utotoni alikula udongo kama watoto wengi, ila yeye alichagua. Ule wa kichanga tunaouita luseni aliutema, ule mweusi wa mbugani akaurudia. Mama yake alimchapa kwa yote mawili.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1958. Akachunga ng'ombe wa baba kwa miaka minne, na jioni alimsomea mzee gazeti hata kama lilikuwa la mwezi uliopita. Mwaka 1963 alichaguliwa kwenda chuo cha kilimo, akarudi na cheti Desemba 1964. Mzee Shimba alikitazama kile cheti, akauliza kama serikali imempeleka mwanawe miaka miwili kusomea jembe.

Januari 1965 aliajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti katika kituo cha kilimo mkoani hapa. Kila siku saa tatu asubuhi alipima mvua. Alipima urefu wa mimea, akahesabu majani yaliyonyauka kwa jua, akachimba udongo wa kupelekwa maabara, na yote akayaandika. Mwaka 1972 alikabidhiwa vitalu kumi na viwili vya mtama kwenye luseni, ili ijulikane udongo ule unachoka kwa kasi gani, na nini kinausaidia mtama kuvumilia ukame. Vingine vilitiwa samadi, vingine mbolea ya dukani. Kitalu cha tisa hakikutiwa chochote, mwaka baada ya mwaka, kiwe kipimo cha vingine. Vibarua walikiita kitalu cha njaa.

Zilikuwa siku nzuri zile, acheni tuseme. Siku ya wakulima watu walikuja kwa lori kutoka Magu na Kwimba, ng'ombe akachinjwa, wataalamu na vibarua wakala ugali sinia moja. Venant alisimama mbele ya vitalu vyake na fimbo mkononi, akasikilizwa kama padri. Tunazikumbuka sana.

Alifunga ndoa na Getruda Ngosha Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1969. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha. Bibi harusi alifika kanisani, bwana harusi hayupo. Mwishowe akatokea, suti imepigwa pasi na viatu vimejaa tope. Getruda akamnong'oneza, "Ulikuwa wapi wewe?" Akajibu, "Milimita kumi na saba." Mama Getruda anasema hapo ndipo alipojua kwamba anaolewa na kituo kizima.

Miaka ya tisini ilikuja na mambo yake. Ushirika uliyumba, pamba ikanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, na kituoni fedha za utafiti zikakauka. Minong'ono ya kupunguza wafanyakazi ikaanza. Vitalu vya Venant vilikuwa mbele kabisa ya nyumba aliyopewa kuishi, na cha tisa kilikuwa mlangoni. Januari 1995 jua lilikuwa kali, na mtama wa kitalu hicho ukabaki magotini, una rangi ya njano na umejikunja. Mama mkwe alikuja kutembea, akautazama, akamwambia bintiye, "Shamba la mlangoni ndilo linalomsema mwanamke. Mwanangu, siku hizi hulimi?"

Hayo maneno yalimchoma. Jumapili ya tarehe 22 Januari, Venant akiwa misa ya kwanza, Mama Getruda alibeba madebe matatu ya samadi kutoka zizi la jirani, akaifukia mstari kwa mstari. Kwetu sisi, mwenye zizi karibu haachi mtama ufe njaa. Mvua ikanyesha wiki ile, na mtama ukainuka.

Venant aliuona, akachimba kwa kidole, akanusa, akaingia ndani, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Mama Odeta, nani kaweka samadi?"

"Mimi, Baba Odeta. Niliuonea huruma. Na watu wananicheka."

Alikaa chini. Akamweleza taratibu kwamba kile ndicho kitalu kilichosema ukweli wa vingine vyote, na kwamba misimu ishirini na miwili ilikuwa imekaa juu yake. Mama Getruda akalia, akasema aandike kwamba ni yeye. Venant akachukua daftari, akaandika: "Kitalu cha tisa kimepata samadi. Mwangalizi ni mimi, jukumu ni langu. Matokeo yake yasihesabiwe."

Mkuu wake wa kazi, Bwana Okwach, alimsihi aichane ile karatasi. "Mzee Venant, mtama ni mtama. Nani atajua? Wenzako huko juu wanatafuta majina ya kupunguza, na wewe unawapelekea la kwako!" Venant akajibu, "Wakulima wataambiwa luseni haichoki, nao watatuamini." Hakuichana.

Jaribio lilifungwa Juni, na Septemba jina lake likawamo kwenye orodha ya waliopunguzwa. Kama ni kwa sababu ya ile karatasi, hakuna aliyewahi kutuambia. Mitaani hawakusubiri kuambiwa. Walisema Venant alikuwa mlevi, kwamba alimwaga samadi kitalu kisichotakiwa akiwa chakari. Mtu ambaye hata togwa aliuliza kwanza imelala siku ngapi! Mama Getruda alitaka kusema, yeye akamkataza: "Watakucheka wewe. Mimi wameshanicheka, nimezoea."

Walihamia hapa Buhongwa. Wakulima walimletea udongo kwenye mifuko ya rambo, akaufikicha, akawaambia la kufanya. Ukame wa mwaka 1997 na mafuriko yaliyoufuata vilimkuta bado anapima mvua kila asubuhi, ingawa hakuna ofisi iliyomwomba takwimu.

Mwezi Agosti 1998 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alilazwa mara tatu mjini Mwanza. Mara ya mwisho Mama Getruda alimwambia, "Baba Odeta, safari hii nitasema." Marehemu akajibu, "Basi sema na idadi ya madebe." Alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Machi 1999, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane, Getruda; watoto watatu, Odeta, Obedi na Rose; wajukuu wanne; na mdogo wake, Josephat, ambaye naye aliwahi kuuamini ule uvumi wa pombe, na hakumwomba kaka yake radhi angali hai. Anaomba leo, amechelewa.

Mama Getruda ameagiza maneno yake yasomwe hivi: "Madebe yalikuwa matatu. Niliyabeba mimi, Getruda. Mume wangu hakuwa mlevi, alinificha. Waliomsema wamo hapa, nawaona, na sidai neno lolote kwao. Nawaomba tu washike majembe pamoja na wenzao, wamfukie vizuri."

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Venant, umpe pumziko na amani.