Mama Constance wa Mukanda wa Posho

Tarehe 31 Desemba 2025, Mama Constance Kapya ataweka chini kazi ya ukatibu katika shirika letu dogo la Umoja wa Familia, hapa Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi. Ni miaka ishirini na saba. Alianza mwaka wa 1998, vita ikiwa imekata nchi vipande, akiwa na mashine ya kuandikia iliyokosa herufi moja. Anaondoka akituachia barua inayofika kila juma kwa watu walio Lubumbashi, Kasenga, Pweto, Butembo, Kampala, hata Ubelgiji. Kamati imeniomba nieleze safari hiyo, na mwenyewe alinionya tangu mwanzo: «Graciella, usinisifu kama maiti. Miye ningali nakula.»

Basi nitasema yale niliyoyaona na yale aliyonisimulia tukimenya karanga.

Watoto wetu wanajua kwamba posho ni siku ya Jumamosi, lakini wengi hawajui sababu. Siku hiyo wazee wetu wa mgodi na wa reli walikuwa wanapokea unga na samaki wa juma zima. Baba yake Mama Constance alikuwa mtu wa reli, alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana. Binti aliwaza hivi: siku ambayo familia inapokea chakula, ipokee na habari. Hivyo barua yetu, au mukanda kama tunavyosema hapa, ikaitwa Mukanda wa Posho. Ndani yake mlikuwa na mambo ya kawaida tu: nani anatafuta nani, nani amefika wapi, nani amezaa. Wakati ule treni hazikupita na barabara za kaskazini zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mambo hayo ya kawaida yalikuwa dawa.

Alipiga nakala, akazigawa kwenye parokia na makanisa, nyingine akawapa wafanyabiashara wa samaki. Mmoja wao, Mama Mado, ndiye aliyekuwa anazipeleka Kasenga. Siku moja Mado alirudi sokoni na samaki wakavu waliofungwa ndani ya Mukanda wenyewe. Mama Constance alimpigia kelele mbele ya wateja: «Habari ya batu haifungake samaki!» Mado hakushtuka hata kidogo: «Mama, yenye tulishasoma njo tunafungia. Yenye hatuyasoma bado tunaichunga.» Mama Constance akafungua pochi. Akanunua samaki, akasoma karatasi njiani.

Barua pepe ilipokuja, hakuiogopa, ila aliianza vibaya kama sisi sote. Alituma kwa watu wote kutoka kisanduku chake mwenyewe, anwani za kila mtu zikiwa wazi. Mheshimiwa mmoja, leo ni mzee wa kanisa na ameniomba nisimtaje, alitaka kumjibu mke wake kuhusu mambo ya mama mkwe. Alibonyeza «jibu wote». Pweto walicheka kabla ya Bel-Air kuamka. Baada ya miezi michache kisanduku kilifungwa, maana kampuni ilidhani mama yetu ni tapeli anayetafuta wajinga. Ndipo akaelewa kwamba shirika linahitaji jukwaa, yaani nyumba ya kutuma barua nyingi kwa njia ya halali.

Wale wa mashirika mengine madogo wanaosoma haya, sikilizeni jinsi alivyochagua, kwa sababu wengi wanaumia hapo. Majukwaa yote yanaimba wimbo mmoja: bure. Ni bure kweli, mpaka majina yaongezeke. Mama Constance hakuangalia picha nzuri za mbele. Aliuliza: siku tukiwa wengi, bei itapanda namna gani? Tukitaka kuhama, tutatoka na majina yetu au yatabaki rehani? Barua itafunguka kwenye simu ndogo, kule mtandao unakuja na kuondoka? Wanataka kadi ya benki, na sisi tuna pesa za simu tu: nani ana kadi? Émile, mtunza hazina wetu, ambaye amesomea informatique, yaani mambo ya kompyuta, alifungua akaunti za majaribio, naye mama akajitumia barua akaenda kuzifungulia sokoni, kwenye simu za wauzaji. Barua iliyochelewa kufunguka, jukwaa lake alilifuta. Wawili hao walibishana sana na walipendana sana.

Walichagua jukwaa moja la bure. Halikujua Kiswahili. Chini kabisa ya kila barua kulikuwa na kile kifungo cha lazima, cha mtu asiyetaka tena kupokea, na jukwaa lilimruhusu Mama Constance abadilishe neno lake hilo moja. Akaandika kwa kifupi: KUTOKA. Mimi nililiona, kamati ililiona, hakuna aliyesema kitu. Neno ni zuri, halina kosa.

Mwishoni mwa 2024 majina yalizidi kiasi cha bure. Jukwaa likatushauri, kama yanavyoshauri yote, tufute anwani ambazo hazifungui barua. Kwa hesabu, Émile alikuwa na haki: kwa nini tulipie watu walionyamaza? Alileta shauri hilo kwa kamati. Mama Constance aliweka miwani mezani. «Mutu hajibu, njo unamufuta? Na miye kesho nikinyamaza, utanifuta?» Émile akasema ni anwani tu, Mama, si watu. Akajibiwa: «Anwani iko na mama yake.» Kikao kikaisha hapo, bila kura. Papa Kakule Elisée, mwenye duka la jumla la maharagi na magari ya mizigo, akakubali kulipa miezi michache kwa kadi ya biashara yake, huku akinung’unika kwamba hata mke wake Abigaëlle hajawahi kufungua barua hizi. Abigaëlle alikuwa mmoja wa wale walionyamaza.

Mwezi wa kwanza wa 2025 ulimkuta Abigaëlle Goma na watoto wawili. Alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, sote tunakumbuka zile siku: benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, kila mtu wa Kivu hapa Lubumbashi anatembea na simu mkononi kama mgonjwa na dawa. Papa Kakule alikuja ofisini kila asubuhi. Hakuwa na la kufanya kwetu. Alikaa tu kwenye benchi, kofia magotini, akisikiliza ile sauti inayosema namba haipatikani.

Posho iliyofuata, Mama Constance alituma mukanda mfupi kuliko yote, kwa majina yote, hata ya walionyamaza. Uliandikwa hivi: «Kama umetoka, tujulishe.» Hakuweka kitu kingine. Na chini yake, mahali pake pa siku zote, kifungo.

Watu walianza kujiondoa. Kwanza wachache, halafu wengi, juma zima. Kisha jukwaa likafunga mlango wetu, na ujumbe kwamba wasomaji wetu wanatukimbia, kwa hiyo barua zetu lazima ni takataka. Kamati ikakutana kwa huzuni. Mmoja alisema tuache, vita imewachosha watu, hawataki tena barua. Mama Constance alikuwa anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Émile, akipitia majina ya waliojiondoa, akakuta la Abigaëlle. Mume wa mwenye jina alikuwa pale kwenye benchi. Kijana alitaka kulisema kwa upole, akatafuta Kiswahili cha heshima, akasimama, akasema: «Papa Kakule, pole. Mama Abigaëlle ametutoka.»

Nani asiyejua maana ya maneno hayo kanisani? Kofia ilianguka. Papa Kakule hakulia, alifungua kinywa tu. Mama Virginie wa kamati akaweka mikono kichwani, akaanza kuomboleza. Mama Constance akaruka: «Émile! Kiswahili yako itaua mutu! Ametoka wapi? Sema vizuri!» Émile, jasho likimtoka, akaeleza: ametoka kwenye barua, amebonyeza kifungo, jana, hakuna msiba, samahani Papa, samahani.

Papa Kakule aliomba aonyeshwe kifungo chenyewe. Alikisoma polepole. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana kwa mtu mkubwa kama yeye: «Aliulizwa nini huko juu?»

Mama Constance akasoma: kama umetoka, tujulishe. Akashuka na kidole mpaka chini. KUTOKA.

Akakaa. «Bamama,» akasema, «batu habatukimbie. Banatujibu.»

Kosa lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyetaka niliandike hapa bila kulifunika. Lakini niandike pia alichofanya baadaye. Jukwaa lilikuwa limefungwa, hivyo alirudi kwenye kisanduku chake na kumwandikia kila aliyebonyeza, mmoja mmoja, kwa mkono wake: «Tumekusikia. Uko wapi?» Hatukumwona akila siku hizo. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, akala kipande, mwingine akausahau. Majibu yakaanza kuingia, kutoka Bukavu, kutoka Bujumbura, kutoka kambi ambazo siwezi kuandika majina yake vizuri. Mmoja tu, mama mmoja wa Kasenga, alijibu kwamba yeye hakutoka popote, yuko nyumbani kwake, amechoka tu na mikanda yetu. Mama Constance alicheka mpaka akafuta machozi, akamwondoa kwa heshima.

Jibu la Abigaëlle lilitoka Kasese, ng’ambo, nchini Uganda, kwenye simu ya binti wa pasta aliyewapokea, ambako alikuwa amefungulia barua pepe yake. Simu yake ilibaki njiani pamoja na namba zote. Kichwani alikuwa na namba ya zamani tu ya mume wake, isiyofanya kazi tena. Papa Kakule alipompigia, sauti iliwekwa wazi na sisi sote tukasikia salamu za mke: «Nilibonyeza mara tatu! Hamukuitika! Munafanyaka kazi gani huko?» Papa Kakule alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayegombezwa na kufurahi. Watoto walikuwa wazima.

Hapo ndipo jukwaa la pili lilipochaguliwa, na safari hii shauri lilikuwa fupi. Émile alitafuta na kupata moja dogo, lisilo na jina kubwa, linalolipisha kwa barua zinazotumwa, na lenye punguzo kwa mashirika kama letu. Majina yanaweza kulala humo bila malipo hata kama mwenyewe amenyamaza. Nalo linaturuhusu kuandika maneno yetu chini ya barua, mengi tunavyotaka. Mama Constance akaweka vifungo viwili, kimoja «Nimetoka salama, nitafuteni», kingine «Sitaki tena mukanda». Aliwasomea Mado na wenzake sokoni kabla ya kukubali. Mado akasema sasa hata yeye ameelewa, na yeye ndiye kipimo.

Mafanikio yake mengine mnayajua: chumba cha pili cha ofisi, mafunzo ya kinamama ya kutumia simu, umoja wake na makanisa yote bila kupendelea lake, ingawa ni Mkatoliki wa kugonga kifua. Nitaongeza moja lisilo kwenye ripoti. Nilipojifungua Bénit nilidhani kazi imekwisha kwangu. Alinitengea kona, akaleta mkeka, akasema mtoto anayelala karibu na kompyuta ataota mambo mazuri. Hakuota, alilia. Nilibaki.

Sasa nina neno kwa kamati, nalo nalisema kwa adabu lakini nalisema. Kati ya majina ya mukanda kuna yale ambayo tangu mwezi ule wa kwanza hayajafungua, hayajabonyeza, hayajajibu. Ndugu wawili wa Papa Kakule wamo humo. Kiti cha Mama Constance kitakuwa changu na cha Abigaëlle, ambaye alifika mwezi wa tano kwa njia ya Zambia na ameomba mwenyewe kazi hii. Msituletee shauri la kufuta. Kama Abigaëlle angefutwa kwa sababu ya kunyamaza, barua isingemfikia, na asingekuwa na mahali pa kubonyeza, hata kwa makosa.

Mama Constance, asante. Asante kwa hasira zako na kwa karanga zako. Unakwenda Pweto kwa dada yako, unasema utakula samaki wabichi na hutaki kusikia habari za mashine. Pumzika, mama yetu, Mungu akupe miguu ya kutembea na usingizi mtamu. Tunajua mtandao wa kule: utapotea miezi bila neno. Usijali, wala usijilazimishe kujibu. Kila posho tutakuandikia.

Graciella, mama Bénit
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Umoja wa Familia, Bel-Air