Blanketi la Homa Laenda Kuba

Benchi letu liko Mtaa wa Mchikichi, mbele ya baraza ya Eliasi fundi cherehani, na anayemimina kahawa ni mimi, Hamis. Nasema mapema msije mkaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwepo, birika mkononi, jiko la mkaa miguuni, Jumapili ile ya Februari, joto la kupasua kichwa, mwaka ambao sukari ilikuwa ya foleni na kashata tumeisahau hata sura. Juu ya meza ya kukatia nguo Eliasi alikuwa ametandaza blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Si blanketi la mchezo lile. Alikuja nalo kutoka kwao Mbinga, milimani, na hapa mjini kazi yake ilikuwa moja tu: homa. Dar nani anajifunika blanketi kama haumwi? Homa ikikupanda, meno yakianza kugongana, mtu anatumwa kwa Eliasi: "Tunaomba lile blanketi." Limezunguka mtaa mzima. Wote waliokaa benchini siku ile walikuwa wamelitolea jasho, na mimi nimo. Sasa Eliasi ameshika chaki na mkasi mkubwa. Binti yake Hyasinta alikuwa anasafiri kesho yake kwenda Kuba kusomea utengenezaji wa sukari, na baba mtu alikuwa ameapa mbele ya mkewe: bila koti la baridi, mtoto hapandi ndege. Na koti la baridi, Kariakoo ile, ungelipata duka gani?

— Kata, Eliasi. Unangoja nini? — alianza Balozi.

Huyu ni Rajabu, balozi wetu wa nyumba kumi. Kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa ndoo za maji uani, lakini tangu apewe cheo hicho anazungumzia nchi za nje utadhani ana ofisi huko.

— Nakata, — alisema Eliasi. — Ila kuna jambo linanisumbua. Jana waliwaita wanafunzi semina kule Posta, wakawaambia vitu vya kubeba. Sasa vitu vyenyewe haviniingii akilini.

— Vitu gani?

— Cha kwanza, kandambili.

Aliyedaka kwanza ni Kitwana, tunamwita Baharia. Kitwana anapakua mizigo bandarini. Safari yake ndefu kuliko zote majini ni kivuko cha Kigamboni, na hata hiyo alitapika. Lakini ameshaongea na mabaharia wa kigeni kwa mikono, na hilo linamtosha.

— Kandambili lazima, — alisema Baharia. — Kule ukivaa kiatu, theluji inaingia ndani, inaganda, kiatu hakivuliki tena. Daktari anakukata mguu na kiatu chake. Kandambili iko wazi. Theluji inaingia huku, inatokea huku.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, — Balozi akagongelea msumari. — Unaona? Hata wahenga walizijua kandambili.

Eliasi akachora mstari wa bega kwa chaki, halafu akausimamisha.

— Cha pili, chandarua.

— Kuna mbu huko? — niliuliza.

— Hamis, wewe mimina kahawa, — alisema Redio.

Redio ni Filbert, muuza betri na vioo vya taa za chemli. Jina kapewa kwa sababu hazimiki.

— Mbu gani akae kwenye barafu? — aliendelea. — Sikiliza, fundi. Theluji haidondoki nje peke yake. Inapenya darini, inashuka kidogo kidogo usiku kucha, wewe umelala tu. Bila chandarua wanakukuta asubuhi umeshazikwa. Haba na haba hujaza kibaba, hiyo methali chanzo chake ni theluji.

— Methali ya Kiswahili hiyo, acha fiksi! — Baharia alimkatalia.

— Ni yetu, ndiyo. Tuliwaazima.

Eliasi alitikisa kichwa polepole. Mtu mpole Eliasi, anasikiliza kila upuuzi mpaka mwisho, ndiyo maana benchi likaota pale kwake na si kwingine.

— Cha tatu ndicho kigumu, — alisema. — Kofia pana ya jua.

Kweli kilikuwa kigumu. Balozi alikunywa kikombe chake mpaka machicha, akanirudishia bila kunitazama.

— Jua la kule ni tofauti, — alisema mwishowe. — Ndugu zangu, jua letu ni la kijamaa. Linagawa mwanga na joto sawa kwa sawa, mkubwa kwa mdogo. La kule ni nyonyaji. Linawaka, linapendeza, lakini joto halitoi. Lile kidogo ulilonalo mwilini ndilo linalikamua kupitia utosini. Hapo ndipo kofia inapoingia.

— Lakini Kuba si wajamaa wenzetu? — Eliasi aliuliza.

— Wao ndiyo. Jua lao bado.

Hakuna aliyecheka. Hapa kwetu mtu akijenga hoja inaheshimiwa, hata kama haina mlango.

— Na vidonge vya malaria? — aliendelea Eliasi.

— Baridi ni nini? — Redio aliuliza. — Kutetemeka. Homa ni nini? Kutetemeka. Unadhani kidonge kikishafika tumboni kinauliza umetetemeshwa na nani?

Hiyo ilinikaa vizuri hata mimi. Nikamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Wakasema tena abebe nguo nyepesi za pamba, — Eliasi alizidi kushuka sauti. — Nyingi. Eti mtu anaweza kubadilisha mara mbili kwa siku.

— Nyepesi nyingi ndiyo nzito moja, — alisema Baharia. — Jamani, mnazunguka mbuyu wa nini? Mmemsahau Eliakimu?

Kumsahau Eliakimu nani angeweza? Kijana wa Ilala, alienda kusoma Bulgaria, akarudi na koti linaburuza chini. Krismasi alilivaa kanisani, likafungwa mpaka kidevuni, na wakati wa matoleo akaenda chini puu, wakamtoa wanne.

— Yule alizimia kwa joto, — nilisema.

— Alizimia kwa mshtuko! — Baharia aliwaka. — Baridi ya nje ikishakuingia mfupani inakuwa yako. Nilimuuliza mwenyewe: Eliakimu, nje vipi? Akasema nje ni baridi. Hakusema Bulgaria. Kasema nje. Ukishavuka maji tu, baridi.

— Zanzibar je? — niliuliza.

— Zanzibar si nje. Ni Muungano.

Lakini mimi nina kasoro moja, neno likinikaa kooni silimezi.

— Mtoto anaenda kusomea sukari, — nilisema. — Sukari ni miwa. Sasa hiyo miwa inaotaje kwenye barafu?

Wote wanne wakanigeukia kwa huruma.

— Inaota imeganda, — alisema Baharia. — Wewe ulidhani zile chengachenga zinatoka wapi?

— Tena ndiyo sababu wao wanayo na sisi hatuna, — Redio alidaka. — Hapa joto, sisimizi wanaifikia kabla ya ushirika. Kule sisimizi wote wameganda. Sukari imelala nje, mtu anaikanyaga.

— Penye miti hapana wajenzi, — alisema Balozi, na akakaa akingoja tuelewe.

Redio ndiye aliyeanza kucheka, Baharia akafuata, nami nikashindwa kujizuia. Eliasi alitupa chaki mezani. Hatukuwahi kumwona akitupa kitu.

— Nyie mnacheka baridi kwa sababu hamjaiona, — alisema. — Mimi nimeiona. Hyasinta alikuwa na kaka yake, Gaudens. Julai, kule kwetu, ukungu mpaka saa sita mchana. Kifua kilimbana usiku, na nyumba nzima ilikuwa na kanga mbili za mama yake. Kanga! Blanketi hili nililinunua baada ya kumzika. Mke wangu Josepha aliniuliza la nini tena sasa. Nikamwambia la atakayefuata. Aliyefuata ndiye huyu anayepanda ndege kesho.

Mkaa ulilia jikoni. Nikajifanya naupuliza.

— Kwa hiyo mkikosea nyie, — alisema Eliasi, — mtaagiza kahawa nyingine. Nikikosea mimi, nakosea kwa Hyasinta. Naogopa, jamani. Naogopa vibaya.

— Basi kata, — alisema Balozi, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye watoto.

— Kata, — alisema Baharia.

— Kata, fundi, — nilisema na mimi. Methali wala hoja hatukuwa nazo tena.

Mkasi ukaingia. Blanketi zito likikatwa linatoa sauti yake, huwezi kuichanganya na ya kanga wala kaniki. Nilimwona Redio akijishika bega, pale pale blanketi lilipokuwa linamkaa alipougua mwaka jana, wiki nzima, anaweweseka bei za betri. Balozi aligeukia barabarani. Mara ya mwisho alilitumia yeye, na alilirudisha limefuliwa na limepigwa pasi, mtu wa watu.

Kutwa nzima cherehani ililia. Wateja walikuja, wakaambiwa kesho kutwa. Mabega yalipoisha tukabishana kuhusu kola. Baharia alitaka ya kusimama mpaka masikioni, maana masikio ndiyo ya kwanza kudondoka. Akashinda. Vifungo havikuwepo. Balozi akashika kifungo cha juu cha Kaunda suti yake, ile ya mikutano, akakinyofoa na uzi wake, akakiweka mezani. Redio akaenda dukani kwake akarudi na viwili visivyofanana. Baharia akatoa kimoja cha shaba chenye nanga. Alikipataje, hatukumuuliza. Nami nilikuwa na koti la babu yangu sandukuni, nondo wamelila likabaki vifungo tu, nikakimbia nyumbani kufumua kimoja.

Hyasinta alitokea baada ya alasiri, akirudi kutoka Buguruni kumuaga shangazi yake. Msichana mrefu, mchangamfu, ana mwendo wa baba yake. Kwapani kafutika kandambili mpya, na juu ya kichwa chandarua kimekunjwa vizuri ndani ya kanga.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu, — tuliitika kwa pamoja, kwaya nzima.

— Vaa, — alisema Eliasi, akamnyooshea koti.

Hyasinta alitua mzigo. Hakulipokea mara moja. Mstari mwekundu ulikuwa unashuka kutoka bega la kushoto mpaka kwenye pindo, na mstari ule kila mtoto wa mtaa anaujua. Akatazama chini ya cherehani, kwenye mabaki. Akamtazama baba yake, pini bado ziko mdomoni, macho mekundu. Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili.

— Enhe, mwanafunzi, — alisema Baharia, — jana wamewaelezaje hali ya hewa ya huko?

Hyasinta alipitisha mkono kwenye kola.

— Wamesema tujiandae vizuri, mzee Kitwana. Wamesema tusiidharau.

— Si mnasikia! — Baharia alitugeukia wote, hasa mimi.

Jasho lilishaanza kumtoka binti kwenye paji la uso. Lilishuka shavuni, likapita shingoni, likazama ndani ya kola. Hakulifuta. Alianza kufunga vifungo kutoka chini, kimoja baada ya kingine, mpaka kile cha Balozi chini ya kidevu.

— Linabana? — aliuliza Eliasi.

— Halibani, baba. Limenienea.

— Kifuani?

— Hasa kifuani. Upepo hauoni pa kupita.

Eliasi alitoa pini mdomoni, zote. Alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa nayo tangu Mbinga.

Hyasinta akainama, akaokota kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki. Akakipima magotini kwake. Kilifunika goti moja. Akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya benchi katikati ya Redio na Balozi, akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa nyie huku, — aliuliza, — homa ikiwapanda mtajifunika nini?

Balozi alichungulia kikombe chake. Redio, ambaye tangu nimjue hajawahi kuzimika, alizimika. Baharia alinyoosha kikombe kwangu, haraka, kama mtu anayeomba msaada. Nikainamisha birika. Yakatoka machicha, halafu hayakutoka hata hayo.

— Imeisha, — nilisema.

Binti alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha akajitwika chandarua chake kichwani, akasema anaenda kumwonyesha mama yake, akashuka barazani. Jua la Februari lilikuwa bado limesimama katikati ya Mchikichi. Watu walimpisha. Mama mmoja muuza ndizi alijishika kichwa, akamwita Mungu. Hyasinta alitembea wima, kafungwa mpaka masikioni, na hakuna kifungo alichogusa.

Eliasi alisimama ukingoni mwa baraza, kiganja juu ya macho, akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona.

— Mmemwona? — alisema. — Hata hatetemeki.